Mtetemo wa Sitini

Mshale wa spidi ulipogusa sitini, kiti kilianza kutetemeka.

Sisimizi alikuwa akiusubiri mtetemo huo. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo kuipeleka pikapu ile kuukuu kwenye barabara moja, ile iliyonyooka nyuma ya kiwanda cha matofali, na kila mara mambo yalikuwa yale yale. Hamsini, kimya. Hamsini na tano, gari linajifanya halina habari. Sitini, mtetemo unapanda kutoka sakafuni, unaingia kwenye kiti, unamshika kiuno na mgongo, na kioo cha kati kinacheza mpaka barabara ya nyuma inaonekana mbili. Akikanyaga mafuta hadi themanini, unatoweka. Akishusha, huo umerudi, kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Aliachia usukani kidogo. Usukani ulikuwa umetulia tuli. Akakanyaga klachi, injini ikashusha sauti, gari likaserereka lenyewe kwa mwendo ule ule. Kiti kiliendelea kutetemeka.

"Basi si magurudumu ya mbele," aliliambia gari, "na injini haimo. Endelea kusema."

Askari wenzake walimpa jina la Sisimizi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekaa akamaliza kikombe cha chai. Alikuwa mpelelezi mwembamba, mwenye miguu isiyotulia hata chini ya meza, na leo alikuwa na sababu. Jumapili, jenereta mpya ya chumba cha upasuaji, iliyofungwa kwa kamba mgongoni mwa pikapu hii hii ya hospitali ikisubiri mafundi wa kuifunga, ilipotea pamoja na gari lake. Jumatatu asubuhi gari lilikutwa kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, mgongo mtupu. Milango ilikuwa imefungwa. Hakuna kioo kilichopasuliwa, hakuna waya uliokatwa, hakuna kitasa kilichochokonolewa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa mfukoni mwa dereva. Dereva akawekwa mahabusu, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani.

Mkuu wa kituo aliona kesi imekwisha. Sisimizi naye angeona hivyo, lau si haraka zake mwenyewe. Utaratibu ulisema kielelezo hakiendeshwi, kinavutwa. Kule machimboni mtu wa bredauni, lile gari la kuvuta magari mabovu, alikuwa tayari amefika, anageuza geuza gari lake la manjano atafute pa kutundika ndoano. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye kandarasi ya kituo kwa muda mrefu, na kila mtu alimwita Ndoano. "Ngoja kidogo tu, afande," alikuwa akisema. "Kidogo tu." Lakini Sisimizi na kungoja ni vitu viwili. Alichukua ufunguo kwenye bahasha ya vielelezo, akawasha, akaondoka huku Ndoano akimpigia kelele kuwa anaharibu utaratibu. Alipofika barabara kuu na kukanyaga sitini, kiti kikamtetemesha.

Mkuu alimfokea. Kisha, alipoambiwa habari za mtetemo, alicheka mpaka akavua miwani.

"Gari lenyewe ni babu. Babu akitetemeka, unamkamata nani?"

Kicheko kile ndicho kilichomkosesha Sisimizi usingizi.

Alipogeuza gari kurudi kituoni, jambo moja lilikuwa wazi kichwani mwake. Kama mtetemo ulikuwepo tangu zamani, haukuwa na maana yoyote. Kama ulianza Jumapili, kuna mtu aliligusa gari mahali ambapo mwizi mwenye ufunguo hana shida ya kugusa.

* * *

Kwenye benchi la kaunta alikaa mwanamke mtu mzima, kanga imebanwa kifuani, bakuli la chakula lenye kifuniko magotini. Alikuwa dada wa dereva, na tangu jana hakuna aliyeweza kumwondoa pale.

"Mwanangu," alimdaka Sisimizi mkono alipokuwa anapita mbio. "Mdogo wangu huyo, hata kuku akikatiza barabara anasimama amsubiri apite, na vifaranga wake wote. Mtu wa namna hiyo anaiba saa ngapi?"

"Mama, chakula kimeingia?"

"Wamesema nionje kwanza. Nimeonja. Nimeonja mara mbili. Nikionja tena atakuta bakuli tupu."

Sisimizi alimtupia askari wa kaunta jicho kali, na bakuli likapelekwa.

Dereva alikuwa ameegemea ukuta wa mahabusu, soksi bila viatu, kwa kuwa viatu vyenye kamba vilizuiwa. Mji mzima ulimjua kwa jina la Polepole. Wagonjwa walimpenda kwa mwendo huo. Wenye haraka walimpigia honi.

"Mzee wangu, gari lako linatetemeka."

"Pikapu yangu haitetemeki."

"Nimeshuka ndani yake sasa hivi. Sitini, kiti kinacheza ngoma."

Polepole alikunja uso. "Basi mmeiharibu nyinyi."

"Uliwahi kuifikisha sitini?"

Polepole alitazama soksi zake.

"Afande, mimi nabeba mama wajawazito. Sitini naitafutia nini?"

"Hujawahi hata siku moja?"

"Hamsini, tena nikiteremka mlima."

Sisimizi alitaka kuupiga ukuta teke. Shahidi pekee aliyelijua gari lile ndani na nje hakuwahi kuufikia mwendo ambao ugonjwa wake unajitokeza. Mkuu akisikia hilo angecheka tena.

"Jumamosi jioni uliliegesha vipi?"

"Kama siku zote. Uani, nyuma ya chumba cha kufulia. Hendibreki ilikufa zamani, kwa hiyo naacha gia namba moja imeingia. Nikapandisha vioo, nikafunga milango, nikavuta kamba za jenereta kuhakikisha. Mafundo yangu hayafunguki hovyo."

"Na mtu akitaka kulisukuma?"

"Halisukumiki. Gia ikiingia, magurudumu ya nyuma yameshikwa na injini. Ni mpaka ufungue mlango, ukae kwenye kiti, utoe gia." Alisema hayo kwa fahari ya mtu anayelijua gari lake. Kisha maneno yake mwenyewe yakamrudia masikioni, na uso ukamshuka. "Nimejimaliza, eti?"

"Bado," alisema Sisimizi, ingawa ndivyo ilivyoonekana. "Kula."

* * *

Gereji iliyolihudumia gari la hospitali ilikuwa ng'ambo ya uzio wa hospitali yenyewe, na mwenyewe hakukubali kuitwa kwa jina lolote isipokuwa Fundi, kwa sauti inayoonyesha kwamba wengine wote mjini ni wabahatishaji. Alilisikiliza swali la Sisimizi nusu tu.

"Tairi," alisema.

"Hujalitazama."

"Afande, gari likitetemeka sitini, likiacha themanini, ni tairi. Tope limeganda ndani ya rimu. Machimboni kule si kuna tope?"

Kulikuwa na tope, kweli. Wakayavua magurudumu yote, wakachokoa tope, wakaosha, wakahamisha ya nyuma yakaja mbele. Sisimizi alishika spana mwenyewe kwa sababu Fundi alikuwa anafanya kazi na kuhadithia kwa pamoja, na kuhadithia kulikuwa kunashinda. Wakaingia barabarani, Fundi kiti cha abiria, kofia upande. Walipofika sitini kofia ilimtelemkia puani.

"Tairi?" aliuliza Sisimizi.

"Labda injini mauntini, zile raba zinazoshikilia injini."

Sisimizi alikanyaga klachi, injini ikashusha sauti, kofia ikaendelea kucheza puani.

"Labda upepo," alisema Fundi kwa unyonge.

Usukani umetulia, kwa hiyo ugonjwa hauko mbele. Injini haimo. Magurudumu yameoshwa na kuhamishwa, na mtetemo haukuhama nayo. Kati ya injini na magurudumu ya nyuma kulibaki kitu kimoja kinachozunguka, nacho kinapita chini ya kiti. Sisimizi alilirudisha gari gereji, akalala chali kwenye gunia, akajisukuma chini ya tumbo lake na tochi mdomoni.

Propela ile, fimbo nene ya chuma inayopeleka nguvu nyuma, ilikuwa ya vipande viwili vinavyoingiana katikati kwa meno. Kwenye kila kipande, karibu na meno, palikuwa na alama fupi ya patasi. Moja ilitazama ardhi. Nyingine ilitazama ubavuni, kama watu wawili walionuniana kwenye kitanda kimoja.

"Fundi! Hizi alama ni za nani?"

Fundi alijikunja akachungulia, akajigamba hata kabla ya kuona sawasawa. "Zangu hizo. Nilibadilisha krosi, kile kiungo cha propela, kabla ya mvua. Sifungui propela ya mtu bila kuweka alama. Vipande viwili lazima virudi vilivyokuwa, alama zitazamane, la sivyo..." Sauti ilimkatikia. Alikuwa ameziona.

"La sivyo?"

"La sivyo propela inatetemeka."

Alibaki amechuchumaa. Sisimizi alijitoa chini ya gari, akasimama, akajikung'uta mgongo bila haraka. Kwa watu waliomjua, kumwona bila haraka kulitisha kuliko kelele.

"Wewe ndiye wa mwisho kuifungua."

"Mimi? Afande!" Fundi aliruka juu, mikono hewani. "Hata nikiwa na homa siwezi kurudisha hivyo! Nikiwa nimefungwa macho! Muulize muuguzi mkuu. Nilipomaliza krosi nilimpeleka mkutanoni, themanini mpaka mlangoni, na alikuwa anapaka wanja njiani. Wanja, afande! Gari likitetemeka unapaka wanja?"

Sisimizi alipiga simu pale pale. Muuguzi mkuu alithibitisha safari, mwendo, na hata wanja, kwa sauti ya mtu asiyeona kwa nini polisi wanauliza habari za uso wake. Gari lilikwenda laini, alisema.

Kwa hiyo mtetemo ulizaliwa baada ya hapo. Lakini Fundi alikuwa bado anaweza kuifungua tena Jumapili, na alilijua gari vizuri kupita kiasi.

"Zima hasira. Nionyeshe hizi nati za nyuma, zinapofungia propela kwenye difu, ile gia ya magurudumu ya nyuma. Zimeguswa?"

Fundi aliingia chini akinung'unika. Pembe za nati ziling'aa, vumbi limetoka. "Zimefunguliwa karibuni. Na aliyezifungua alikuwa na spana sahihi, la sivyo angezila pembe. Gari la aina hii linakuja na nati za kumi na nne. Zilikuwa zimekwisha, siku ile ya krosi nikatoboa, nikaweka za lori. Hizi ni kumi na saba. Mtu mwingine akija na kumi na nne yake, ataimba."

"Nani mwingine anajua kuwa ni kumi na saba?"

"Mimi. Hata Polepole hajui, anaogopa kulala chini ya gari."

Ilikuwa kama Fundi anajifunga kamba mwenyewe na kumkabidhi ncha. Sisimizi alianza kuzunguka uwanja wa gereji, akikanyaga mabaki ya mpira na vifuniko vya oili. Mtu aliyeweka alama zile kwa mkono wake hawezi kuzipuuza. Hata mwizi ana mazoea ya kazi yake. Aliyerudisha propela ile hakujua kwamba kurudisha kuna namna. Lakini aliifungua kwa usafi wa mtu aliyezoea. Na alitaka nini kwenye propela, wakati mzigo uko juu, mgongoni?

Alisimama.

"Fundi. Gari liko gia namba moja, milango imefungwa. Ukitoa propela, ile gia inashika nini?"

"Haishiki kitu. Magurudumu yanazunguka bure."

"Unaweza kulivuta."

"Ukilinyanyua mbele, unaweza kulivuta mpaka uchoke."

"Bila ufunguo."

Sisimizi alikuwa akiongea na nafsi yake sasa, maneno yakimkimbia. "Yuko nani ambaye kila siku ya Mungu anafungua propela za watu, na hajawahi kurudisha hata moja, kwa sababu akishafika gereji kazi ya kurudisha ni yenu?"

Hakungoja jibu. Tayari alikuwa ameruka uzio.

* * *

Mama wa kufulia alikuwa akianika mashuka uani, vibanio mdomoni.

"Mama, uliandikisha kwamba Jumapili hukuona mtu akiendesha ile pikapu."

"Sikuona," alisema bila kutoa vibanio.

"Uliona ikivutwa?"

Alivitoa. "Ah, hiyo niliona."

Sisimizi alishika kamba ya mashuka asije akasema neno baya. "Mbona hukusema?"

"Yule kijana wenu aliniuliza nani aliiendesha. Nikamwambia hakuna. Gari bovu kuvutwa ni habari? Hilo mwaka jana lilivutwa mara ngapi? Nilimhurumia hata huyo mtu, alilala chini ya gari juani, peke yake. Nikampa maji."

"Umbo lake? Uso?"

"Kofia na grisi. Yule wa bredauni. Kwani wako wangapi?"

Walikuwa kadhaa, kutoka barabara kuu hadi stendi, na wakili yeyote angemuuliza mama huyu swali hilo hilo mpaka alie. Lakini Sisimizi alikuwa anakumbuka gari la manjano likigeuzwa machimboni. Alimpigia Mkuu.

"Jana kule machimboni, nani alimwita Ndoano?"

"Si wewe?"

"Mimi nilifika nikamkuta."

Sisimizi alisikia miwani ikiwekwa mezani.

"Alitaka kuivuta," alisema Sisimizi. "Angeshusha propela mbele ya macho yetu, kwa ruhusa yetu. Gereji ingeirudisha vizuri, na hakuna ambaye angejua kwamba ilishawahi kushuka. Mkuu, nipe askari wawili. Wasivae sare."

"Na ukikosea?"

"Kesho asubuhi mtu anapelekwa mahakamani kwa sababu ana ufunguo."

"Chukua watatu," alisema Mkuu.

* * *

Ua wa Ndoano ulijaa magari yaliyokufa. Katikati lilisimama gari lake la manjano, winchi yake ikining'inia, na mwenyewe alitoka kwenye kivuli akifuta mikono, meno yote nje.

"Afande mwenye haraka! Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja kushika adabu," alisema Sisimizi, akiuzima moto wa pikapu katikati ya ua. Aliingiza gia namba moja, akashuka, akafunga mlango kwa ufunguo. "Mkuu amenichana. Anataka ivutwe mpaka makao makuu kama utaratibu unavyosema. Ufunguo nimekatazwa kuugusa tena. Iko kwenye gia, na hendibreki haipo."

"Si nilikwambia? Si nilikwambia ungoje?" Ndoano alicheka kwa furaha ya kweli. Kama kuna kitu kilichomsumbua tangu Jumatatu, kilikuwa kimeondoka usoni pake sasa hivi. "Kazi ndogo hii. Natoa propela, tunaondoka."

Alikwenda kwenye boksi lake la spana. Lilikuwa boksi kubwa, spana zimelala kwa mistari, ndogo hadi kubwa. Mkono wake haukusita. Alichukua moja, akaitupa hewani, akaidaka, akalala chini ya gari akipiga mluzi.

Sisimizi alichuchumaa. Kwa mara ya kwanza siku nzima miguu yake ilitulia.

"Ndoano."

"Naam."

"Hiyo ni namba ngapi?"

"Kumi na saba."

"Magari ya aina hii yana nati za ngapi?"

Mluzi ulikoma. Chini ya gari zilionekana buti mbili tu, vidole vikitazama juu.

"Kumi na nne," alijijibu Sisimizi. "Kila fundi mjini atalala hapo na kumi na nne, aijaribu, ikatae, atukane, atoke arudi kwenye boksi. Wewe hukujaribu. Hukuchungulia hata kwanza."

"Nina jicho zuri, afande."

"Jicho lilikuwa kwenye boksi. Gari lilikuwa nyuma yako."

"Nimewahi kulivuta gari hili. Mwaka jana—"

"Mwaka jana zilikuwa kumi na nne. Fundi aliweka za lori mwaka huu, kabla ya mvua. Toka, tuzungumze."

Alitoka polepole, miguu kwanza, na alipoinua kichwa aliwaona wanaume watatu waliosimama getini, wakitazama magari mabovu kama wanunuzi. Ucheshi ulimtoka.

"Afande, spana tu hiyo. Utanifunga kwa spana?"

Hapo alikuwa amesema kweli, na Sisimizi alijua. Aligeuka akautazama ua. Jenereta ya chumba cha upasuaji haibebwi na mtu, wala na watu wanne. Aliyeishusha aliishusha kwa winchi, na aliyeificha aliificha kwa winchi. Mabati, chesisi, milango, yote yalikuwa yamezungukwa na majani marefu yaliyoota kupita kwenye matundu. Bodi la basi dogo, lisilo na magurudumu wala sakafu, lilikuwa limekaa juu ya majani mabichi yaliyolala chini, bado hayajakauka.

"Liinue lile bodi."

"Lile? Lile ni takataka, afande. Halina kitu."

"Ndiyo sababu haitakuchukua muda. Winchi yako hiyo hapo."

Mmoja wa askari alisogea karibu. Ndoano alipanda kwenye gari lake la manjano, akarudi nyuma. Mikono iliyocheza na spana dakika chache zilizopita ilikosa tundu la ndoano mara mbili. Waya ulikaza. Bodi liliguna, likanyanyuka upande mmoja, majani yakaachia.

Jenereta ilikuwa pale, mpya, bado na karatasi yake ya kiwandani. Kamba zilikuwa zimekatwa kwa kisu, kwa sababu mafundo ya Polepole hayafunguki hovyo. Mafundo yenyewe yalikuwa bado yamekaza, yote manne, yakining'inia na vipande vyake.

"Nilirudisha propela," alisema Ndoano kutoka kwenye kiti chake, kama mtu anayetafuta jambo moja jema la kujitetea. "Ningeweza kuiacha imelala. Niliirudisha ili gari liende."

"Ungeiacha imelala," alisema Sisimizi, "tungejua siku ile ile kwamba lilivutwa. Uliirudisha ili Polepole afungwe."

Winchi iliendelea kushikilia bodi hewani.

* * *

Jioni Fundi alizikutanisha alama mbele ya Mkuu mwenyewe, akimweleza kila hatua mara mbili. Yalibaki majaribio ya barabarani, ili iandikwe kwamba mtetemo umeondoka na ulipoondokea.

"Endesha wewe," Mkuu alimwambia Sisimizi.

"Aendeshe mwenyewe," alisema Sisimizi.

Polepole alikuwa amerudishiwa viatu vyake. Aliingia upande wa dereva, akarekebisha kioo, akakirekebisha tena. Sisimizi alikaa pembeni, na katikati akajibana dada mtu, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyethubutu kumshusha, bakuli tupu magotini. Walifika barabara ya nyuma ya kiwanda cha matofali. Arobaini. Hamsini. Hapo Polepole akatulia, kama mtu aliyefika kwake.

"Sitini, mzee wangu."

"Lazima, afande?"

"Nimekuamini bila ushahidi. Niamini kwa kilomita kumi."

"Usimsikilize!" alisema dada mtu, akishika dashibodi kwa mikono yote miwili. "Tumetoka mahabusu, sasa twende kaburini?"

Polepole akakanyaga. Hamsini na tano. Mshale ukagusa sitini, ukakaa hapo. Sisimizi aliegemeza mgongo wote kwenye kiti, akasubiri.

Hapakuja kitu. Kiti kilikuwa kimya. Kwenye kioo cha kati barabara ilikuwa moja, imenyooka, na jua la jioni nyuma yake.

"Si nilisema?" alisema Polepole. "Nilisema pikapu yangu haitetemeki. Nilimwambia kila mtu. Nilisema."

"Ulisema, mdogo wangu," alisema dada yake.

Sisimizi aligeuka kumwambia inatosha, apunguze. Kisha akaiona mikono ya mzee kwenye usukani, jinsi ilivyokuwa inatetemeka, na machozi yanavyomteremka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta. Alikaa mahali pake, bila kutikisa hata mguu, akamwacha aendeshe.